Supavaiza na Wanawake wa Simiti

Supavaiza hakuwa mtu wa kukupa mkono. Ukimsalimia, alinyoosha vidole viwili akakamata mkono wa blauzi yako, akausugua kidogo, ndipo akakujibu. "Hii ni polista," angesema. Au, "Hii unaifua na sabuni kali, haitafika Krismasi." Baada ya hapo aliuliza habari za watoto. Mimi nauza mitumba katika soko la Makongeni hapa Thika, na nimezoea watu wanaoshika nguo bila kununua, lakini hao hushika zilizotundikwa, si ile uliyoivaa.

Jina hilo alitoka nalo kiwandani. Kwa miaka mingi alisimamia wanawake wa cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo hapo Eneo la Viwanda, mpaka kiwanda kikapunguza watu, na yeye akapunguzwa pamoja na wale aliokuwa akiwasimamia. Kazi ikaisha, jina likabaki. Wajukuu wake walimwita Supavaiza. Hata mchungaji wake alimwita hivyo akiwa mimbarini. Tulikaa plot moja Kiganjo, mlango wangu ukitazamana na wake, kwa hiyo nimeona mengi ambayo wanaosimama barabarani kupiga picha sanamu zake hawayajui.

Sanamu za simiti zimejaa kwetu. Kila hoteli ya nyama choma kati ya Ruiru na Thika ina simba wake langoni, mara nyingi simba mnene mwenye meno ya binadamu. Supavaiza aliwadharau simba hao wote.

"Simba amewahi kufanya kazi gani hapa Thika?" aliniuliza siku moja tukipita mmoja aliyepakwa rangi ya chungwa. "Ameshona nini? Amechuma nini?"

Yeye alitengeneza watu, na aliwatengeneza kwa namna yake. Alifunga vyuma vikawa mifupa, akazungushia waya wa banda la kuku mpaka mwili ukatokea. Kisha alikoroga uji mwepesi wa simiti ndani ya karai, akachukua nguo ya kweli, nguo iliyovaliwa na mtu, akaitumbukiza mpaka ikashiba, akamvisha yule mtu wa waya. Alipanga mikunjo kwa vidole kama mama anayemtengeneza mtoto kabla ya kanisa. Ikikauka, alirudia kupaka uji kwa brashi, kidogo kidogo, akiimwagilia maji asubuhi na jioni isipasuke. Mwisho wake nguo ilikuwa jiwe, lakini bado ni nguo: unaona uzi, unaona pindo, unaona mahali kifungo kilipotoka kikashonewa kingine kisichofanana.

Nyuso hakuziweza. Nasema ukweli kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa akiusema. Watu wake wote, wake kwa waume, walikuwa na sura ya mtu anayeumwa na jino. Nilipomtania kwamba wapelekwe kliniki, alijibu bila kuinua kichwa, "Uso kila mtu anao. Angalia koti."

Koti lenyewe hakulichukua popote tu. Mwaka wa kwanza tulipojuana nilimpelekea gunia zima la bidhaa zangu zilizokataa kutoka: mashati ya pamba, leso za meza, koti la kizungu la kitani ambalo ningeliuza bei nzuri kama lingekuwa na vifungo. Alizishika moja moja, akazikunja vizuri, akanirudishia.

"Ni pamba nzuri, kairitu. Lakini hizi hazijui mtu yeyote hapa."

Nilinuna. Mimi mwenye watoto wakubwa naitwa msichana, na gunia langu linarudishwa mlangoni mbele ya majirani! Ilichukua muda nikaelewa kwamba hakuwa akinidharau. Nguo zake alizipata matangani, siku ile familia inapogawana vitu vya marehemu. Alifika na kiondo, akanywa chai, akasubiri wakubwa wachague, kisha akasema maneno yale yale kila mahali: "Nipeni ile aliyoipenda, si ile nzuri." Watu walimpa. Wengine walilia wakimpa, na baadaye wakapita barabarani wakamwona mama yao amesimama na sweta lake kwenye mvua, wakasimama nao.

Huko Ruiru ndiko alikofanya kosa lake kubwa. Karibu na stage ya bodaboda alimsimamisha mzee wa simiti, mchuma kahawa, mmoja wa wale waliofanya kazi kwenye mashamba kabla hayajageuka kuwa nyumba za ghorofa. Alimfunga gunia kiunoni na kumvisha koti la mzee wa kweli, lililotolewa na mkewe. Lebo ilisema pamba. Mke aliapa ni pamba. Na Supavaiza, ambaye angekushika blauzi katikati ya maombi, siku hiyo vidole vyake vyote vilikuwa vimefungwa bendeji kwa sababu ya simiti, hakuhisi kitu, akaamini lebo. Kumbe ni nailoni tupu, na nailoni hainywi simiti. Mvua za masika zilipokolea, mkono wa koti ulibanduka kama gome la mkaratusi, ukaangukia kiti cha pikipiki.

Vijana wa stage waliuleta mpaka Kiganjo, umelazwa kwenye pikipiki na kufungwa kwa kamba.

"Shosho, niaje," mmoja alisema. "Mkono wa mzee umetoka. Tumekuletea."

"Mmeuleta ili iwe nini? Niushone?"

"Si ni wako, shosho. Hatungetupa mkono ya mtu."

Alikaa nao mapajani, ule mkono, akiukwangua kwa kucha. Kisha akamtazama kijana, akanyoosha vidole viwili, akashika jaketi lake la jinzi. "Hii nayo ni pamba," alisema. "Vua." Kijana alifikiri ni utani. Aliondoka akiwa na fulana, na ndiyo sababu mchuma kahawa wa Ruiru leo anavaa jaketi la mwendesha bodaboda, akiwa na gunia lake kiunoni. Vijana humtundikia helmeti kwenye mkono ule wakienda kula. Nilidhani atakasirika nilipomwambia. "Vizuri," alisema. "Ameanza kazi."

Alikuwa na mambo yasiyolingana, na hakujali kuyalinganisha. Alisema sanamu ya barabarani ni ya kushikwa, lakini ukigusa iliyo mbichi alikupiga kofi la mkono, hata uwe mama mzima. Alijua nguo kuliko duka lolote mjini, naye alivaa sketi ile ile ya kahawia. Hakuvaa glavu, ati glavu haisikii uzi, kwa hiyo mikono yake ilikuwa na nyufa kama njia ya Kiandutu wakati wa kiangazi. Jioni aliipaka mafuta yale ya kukamulia ng'ombe, akajaza plot yote harufu ya zizi.

Na alikuwa mtu wa kanisa, sauti ya pili, mstari wa mbele wa kwaya. Hapo ndipo yalipomkuta ya mzee wa hardware. Huyu ni Mhindi, familia yao wauza misumari na simiti mjini, na alikuwa akimwekea Supavaiza mifuko iliyopasuka. Siku moja nikiwa nao dukani alimwuliza, kwa upole wake, "Mama, sisi hekaluni tunavalisha sanamu zetu kila asubuhi. Nguo safi, maua. Wewe unavalisha mara moja tu, basi?"

"Wa kwenu anakaa ndani, mzee," Supavaiza alimjibu. "Wangu wananyeshewa. Nani atafua?"

Mzee alicheka mpaka akavua miwani. Diwali ilipofika alikwenda mwenyewe, na kanzu yake nyeupe, akawavisha wanawake wa simiti aliowasimamisha bustanini Supavaiza mashada ya maua ya manjano. Haikupita wiki, akina mama wa kanisa wakamkalisha Supavaiza kikao. Sanamu, wakasema. Tena zinapewa maua. Alinisimulia akiwa bado na hasira.

"Nimewaambia mimi siombi kitu kwa hao. Wao ndio wananiomba simiti. Na mgeni akiniletea maua, nitamtupia?" Mashada yalikaa mpaka yakajikaukia, na Jumapili hiyo aliimba sauti ya pili kwa nguvu kuliko siku zote.

Hao wanawake wa bustanini ndio niliotaka kusimulia habari zao. Bustani yenyewe ni kipembe cha nyasi, pale barabara ya viwandani inapogawanyika. Wako watatu, wametoka shifti. Mmoja anafunga kitambaa cha kichwa. Mmoja amebeba kiondo na kugeuka nyuma kana kwamba ameitwa. Wa tatu amekaa kwenye benchi amevua kiatu kimoja, anajisugua mguu, na kando yake kuna nafasi. Watu wa kweli wakitoka kazini hukaa nafasi ile, nao wakavua viatu.

Yule wa benchi amevaa dastikoti, lile koti jepesi la kazi za kiwandani. Lilikuwa la mwenzake Supavaiza wa kiwandani, mwanamke waliyeanza kazi naye siku moja na kupunguzwa naye siku moja. Baada ya kiwanda, mwenzake aliuza sukuma wiki Kiandutu akiwa na dastikoti lile lile mpaka akafa. Kwenye kiwiko cha kulia kuna kiraka. Kiraka hicho Supavaiza alikishona kwa mkono, enzi hizo, wamesimama kwenye foleni ya kuingia, sindano ikikimbizana na king'ora. Hakuwa na picha ya mwenzake hata moja. Aliniambia hivyo waziwazi, tukiwa tumeketi kwenye benchi lenyewe. Alichukua kidole changu akakiweka kwenye kiwiko cha simiti, nikasikia mishono, mmoja mmoja, imepinda. "Huyu ndiye," alisema. "Uso ni wangu, nimeuharibu. Lakini hapa ndiye yeye."

Sasa elewa kilichokuja. Kampuni moja, ambayo sitaitaja, ilipewa bustani ile iitunze, kama kampuni zinavyopewa siku hizi. Wanakata nyasi, wanaweka ubao wa jina lao. Wakamtuma kijana mmoja mpole, shati lenye nembo, akaja mpaka plot yetu.

"Mama, tunataka kuwapaka rangi wapendeze. Buluu na manjano, colours zetu."

"Aca, hapana. Rangi itafunika uzi."

"Uzi gani?"

Hakuwa na ubaya, ila alikuwa amewapita wale wanawake kila siku bila kuona. Supavaiza alivaa viatu, akampeleka kwa miguu mpaka bustanini, akamshika kidole akakiweka kwenye kiraka. Kijana alikisugua. Alikubali ni kazi nzuri. Kisha akasema, "Lakini mama, from the road haionekani. Na mabosi wanaangalia from the road." Akaeleza kwamba mambo ni mawili: wapakwe, au watolewe.

"Hawapakwi na hawatoki," Supavaiza alisema.

Akaanza kuwafuata. Alikwenda kwenye ofisi za kampuni, akakaa kwenye korido na kiondo chake, akifuma, akishika mikono ya mashati ya waliopita na kuwaambia imechanganywa na nini. Mlinzi alipomwambia hakuna mtu, alisema atamsubiri huyo hakuna mtu. Alirudi kesho yake, na kesho kutwa. Nilimwonea huruma. Nilimwambia akubali, wabaki japo na rangi, kuliko kuvunjwa. Alinitazama kwa namna ambayo nadhani wanawake wa cherehani waliijua vizuri.

"Wakipakwa, watabaki watatu wa simiti. Simiti iko nyingi. Mwenzangu alikuwa mmoja."

Mwishowe waliahidi kwamba hakuna kitakachoguswa mpaka azungumze na mkubwa wao. Alirudi nyumbani amechoka lakini ametulia, akanipikia mukimo.

Wakapaka Jumapili, yeye akiwa kanisani.

Nilikuwa sokoni, mchana, naita wateja. Nikamwona anakuja kati ya vibanda akiwa na joho jeupe la kwaya, upindo ameushika juu usiguse matope, na watu wakimpisha. Hakunishika blauzi. Hapo nikajua kuna jambo.

"Zile nguo zako zisizojua mtu," alisema. "Leta zote. Na thina. Rangi bado mbichi."

Nilifunga gunia langu, jirani zangu wawili wa sokoni wakafunga vibanda vyao bila kuambiwa, thina ya kuyeyushia rangi tukaipata kwa fundi wa magari jirani, tukaenda. Ngai, jinsi walivyowafanya! Wa kitambaa alikuwa manjano tupu. Wa kiondo, buluu. Na yule wa benchi, dastikoti buluu, na usoni walimchora macho, wakampaka midomo myekundu.

Supavaiza alianzia midomo. "Hakupaka lipstiki hata siku ya harusi yake," alisema, na akasugua mpaka ikaisha.

Kijana wa kampuni alifika mbio, mtu amempigia simu. "Mama, please. Hiyo ni mali ya kampuni. Rangi ni ya kampuni."

"Rangi ni yenu, sikatai," alisema Supavaiza. Akashika mkono wake, akaufungua, akamwekea tambara linalochuruzika buluu. "Shika. Ukijaza ndoo nitakuitia gari uende nayo."

Kijana alibaki amesimama na tambara, asijue aliweke wapi. Sisi tukaendelea. Mashati yangu ya pamba yalikunywa rangi kana kwamba yalishonewa kazi hiyo, na lile koti la kitani lilifanya mgongo mzima peke yake. Joho la kwaya lilikuwa limeshaharibika. Mikono ya Supavaiza, na nyufa zake, iliungua kwa thina, nikimwona anauma meno, na hakupumzika.

Nilikuwa nimepiga magoti kwenye kiwiko. Nilikuwa naogopa kukiangalia, nasema kweli, nilidhani nitakuta kimejaa, kimekuwa laini kama ukuta wa benki. Nilipangusa mara moja, nikapangusa tena, nikaacha. Rangi ilikuwa imetoka juu ya uzi ikabaki kati ya uzi na uzi. Dastikoti zima lilikuwa limechoreka. Uliona kila uzi ulivyopita chini ya mwingine, uliona pindo, mfuko, na juu ya kiwiko kile kiraka, mraba usio mraba, na mishono yake yote iliyopinda imeandikwa kwa buluu.

Nilimwita. Alikuja, akainama. Akapitisha kidole.

"Nilishona vibaya," alisema baadaye. "Alikuwa hatulii. King'ora kilikuwa kimelia, na yeye anacheka."

Mimi nililia. Yeye hakulia. Nyuma yetu kijana wa kampuni alikuwa amesogea, tambara bado mkononi, anachungulia.

"Mama," alisema polepole, "sasa hata from the road inaonekana."

Supavaiza alivua viatu vyake vya kanisani vilivyojaa rangi, akavuka barabara miguu mitupu, magari yakimpigia honi, akasimama ng'ambo. Akaweka kiganja juu ya macho. Alisimama pale muda, joho lake limekuwa buluu na manjano, akimtazama mwenzake. Kisha akavuka akarudi.

"Inaonekana," aliniambia kwa sauti ya chini, akichukua tambara jingine guniani. "Lakini huyu usimwambie nimekubali. Atadhani amefanya kazi." Akanitupia shati kavu, akaonyesha yule wa kitambaa, aliyekuwa bado manjano kutoka kichwani hadi miguuni. "Shika yule. Na usisugue kama unaosha sufuria."